Ukiambiwa uende kwa mshauri, uliza unaendea tiba gani

Msomaji, hebu fikiria umeingia katika chumba changu cha matibabu ukiwa na homa na kikohozi cha wiki mbili. Nakupima kifua, nakutazama koo, kisha nachukua kalamu na kuandika neno moja tu kwenye karatasi: "Dawa". Nakwambia uende katika duka lolote la dawa utakaloliona njiani, ununue chochote utakachopewa, na uendelee kumeza hadi siku utakapojisikia nafuu. Bila shaka ungetoka hapo ukijiuliza ikiwa kweli niliwahi kusomea udaktari.

Lakini hivyo hasa ndivyo nilivyokuwa nikifanya kwa miaka mingi, kila nilipompata mgonjwa aliyelemewa na huzuni, hofu au mawazo. Nilikuwa nikiandika maneno mawili: "Ushauri nasaha". Sikuandika ni ushauri wa aina gani, wa maradhi gani, wala wa vikao vingapi. Mgonjwa aliipokea karatasi, akashukuru, nami nikamwita anayefuata. Ninayakiri haya kwa sababu najua siko peke yangu. Madaktari wengi humu nchini tungali tunaandika hivyo, na wewe msomaji ndiye unayelipa gharama yake.

Aliyenifumbua macho ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa mtaa wa Umoja hapa Nairobi. (Nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike.) Asubuhi moja akiwa ndani ya matatu katika msongamano wa Barabara ya Jogoo, moyo wake ulianza kwenda mbio ghafla. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa fupi, jasho likamtoka, naye akaamini kwamba anakufa. Alishuka hapo hapo akaketi kando ya barabara, na baada ya muda kama wa robo saa hali ikatulia. Juma lililofuata ikamrudia, tena ndani ya matatu. Alipokuja kwangu nilimpima moyo kwa mtambo wa umeme, nikampima sukari, damu na tezi la shingo. Vyote vilikuwa sawa. Nikaandika maneno yangu mawili.

Alikwenda kwa mshauri kila baada ya wiki mbili kwa miezi kumi na mmoja. Kila kikao alilipa shilingi 2,500. Alimpenda sana mshauri wake, mama mpole aliyejua kusikiliza, na waliongea mengi kuhusu baba yake aliyewatoroka akiwa mtoto, kuhusu kusamehe, kuhusu ndoa. Lakini katika miezi hiyo hiyo mwalimu huyu alikuwa ameacha kabisa kupanda matatu. Alikuwa akiamka saa kumi alfajiri ili atembee hadi kazini. Alikataa kuwa naibu wa mwalimu mkuu kwa sababu cheo hicho kingemlazimu kwenda mikutano katikati ya jiji. Ibada za mazishi kwao mashambani zilimpita. Nilipokutana naye tena, kwa ajili ya kidonda cha mguu kilichotokana na kutembea, ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimemtuma katika safari ya shilingi zipatazo elfu sitini iliyomwacha pale pale, au pabaya zaidi.

Mshauri yule hakuwa tapeli. Alifanya alichofunzwa kufanya. Kosa lilikuwa langu, kwani alichokuwa nacho mwalimu yule ni maradhi yanayojulikana, yenye tiba yake inayojulikana, na sikumtuma kwenye tiba hiyo.

Maneno "ushauri nasaha" yalienea sana kwetu kutokana na misiba miwili. Kwanza ni Ukimwi, uliotulazimu kufunza watu wa kuzungumza na waliotaka kupimwa damu, kabla na baada ya kupata majibu. Pili ni bomu lililolipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, ambapo watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Baada ya mlipuko ule Wakenya wengi walisikia kwa mara ya kwanza kwamba mtu ambaye hana jeraha mwilini anaweza kuhitaji matibabu. Hilo lilikuwa jambo jema. Tatizo ni kwamba neno moja likabeba kila kitu: kumtuliza aliyefiwa, kumweleza mgonjwa matokeo ya damu, kusuluhisha mume na mke, kumwonya kijana anayevuta bangi, na kumtibu mtu mwenye maradhi mazito ya akili. Hizi si kazi moja.

Na usidhani kwamba mazungumzo, hata yasiposaidia, hayawezi kudhuru. Katika miaka hiyo ya tisini ilikuwa desturi duniani kote kuwakusanya watu waliotoka kwenye ajali au mkasa, na katika kikao kimoja kuwataka wasimulie upesi yote waliyoyaona na kuyahisi. Iliaminika kwamba wakiyatoa moyoni mapema hawatasumbuka baadaye. Madaktari wa Cardiff, huko Wales, waliamua kulipima jambo hili kwa watu walioungua kwa moto. Waligawanywa kwa njia ya kura: wengine wakapewa kikao hicho, wengine wasipewe. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1997. Baada ya miezi 13, waliopewa kikao walikuwa na maradhi ya kiwewe kwa kiasi cha 26 katika kila 100. Wale ambao hawakupewa walikuwa 9 katika kila 100. Huenda waliopewa kikao walikuwa wameungua zaidi tangu mwanzo, na watafiti wenyewe walisema hivyo, lakini uchunguzi mwingine uliofuata haukuonyesha faida yoyote ya desturi hiyo. Leo Shirika la Afya Duniani halipendekezi vikao vya namna hiyo. Linachopendekeza baada ya mkasa ni msaada wa kawaida: usalama, chakula, habari za jamaa, mtu wa kuketi nawe bila kukulazimisha kusema, kisha kuwafuatilia wale ambao wiki zinapita na hawapati nafuu.

Kwa hivyo tunaposema tiba fulani ina ithibati, maana yake ni nini? Si kwamba mtu maarufu ameisifu, wala kwamba wagonjwa watatu walitoa ushuhuda. Maana yake ni kwamba wagonjwa wa aina moja waligawanywa kwa kura katika makundi, kundi moja likapewa tiba, jingine lisipewe au lipewe kitu tofauti, kisha wote wakapimwa kwa kipimo kile kile na mtu asiyejua nani alipewa nini.

Acha nikupe mfano wa karibu, kwa maana wako wanaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, ambako Ukimwi ulikuwa umeacha makaburi mengi, watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe huzuni huitwaje kwao na huonekanaje. Kisha wakaijaribu tiba moja ya mazungumzo katika vijiji 30. Wenye sonona, yaani ule msongo mkubwa wa mawazo unaomfanya mtu ashindwe kula, kulala na kufanya kazi, waliwekwa katika vikundi vidogo, wanaume kwao na wanawake kwao. Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, kwa wiki 16. Viongozi wao hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kule kule waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Kazi yao haikuwa kuhubiri wala kutoa mawaidha. Kila mshiriki alisaidiwa kutambua huzuni yake imefungamana na lipi kati ya mambo matatu, yaani kufiwa, ugomvi na mtu wa karibu, au mabadiliko makubwa ya maisha, kisha kikundi kikamsaidia kutafuta la kufanya kuhusu jambo hilo.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2003. Kabla ya tiba, watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona. Baada yake walibaki takribani 6 au 7. Lakini tazama vijiji ambavyo havikupewa tiba: walianza wakiwa 94 katika 100, wakaishia takribani 55. Yaani karibu watu 40 katika kila 100 walipata nafuu bila tiba ile! Laiti watafiti hawangekuwa na kundi la kulinganisha, wangeweza kudai nafuu hiyo yote ni yao. Na hivi ndivyo tunavyodanganyika kila siku, sisi madaktari, waganga na washauri pia. Huzuni nyingi hupungua zenyewe kadiri siku zinavyopita, na aliyekuwepo wakati huo ndiye anayepewa sifa.

Tiba hiyo inaitwa tiba ya mahusiano. Ilibuniwa Marekani na Gerald Klerman na Myrna Weissman miaka ya sabini, lakini iliposimama katika vijiji vya Uganda haikuonekana ngeni hata kidogo. Kule Harare, Zimbabwe, tabibu Dixon Chibanda alianza mwaka wa 2006 na nyanya 14 katika kitongoji cha Mbare, wakiketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwafunza njia ya kulivunja tatizo moja kubwa kuwa vipande vinavyoshikika. Uchunguzi wao uliochapishwa mwaka wa 2016 ulihusisha watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi sita, waliokuwa bado na dalili za sonona miongoni mwa walioketi na nyanya walikuwa karibu 14 katika 100, ilhali wale waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa karibu 50 katika 100.

Hapa Nairobi penyewe, mwaka wa 2015, wanawake 421 waliokuwa wamedhulumiwa waligawanywa kwa njia hiyo hiyo. Nusu yao walipata vikao vitano na wahudumu wa afya wa mitaani waliofunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani: kupumua polepole, kutatua matatizo yanayotatulika, kurudi kwenye shughuli zilizoachwa, na kutafuta watu wa kuegemea. Miezi mitatu baadaye walikuwa na afadhali kuliko wenzao. Afadhali yenyewe ilikuwa ya wastani, si muujiza, na napenda uchunguzi unaokiri hivyo.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Maoni yangu, ambayo baadhi ya wenzangu huyapinga, ni kwamba si kila maradhi yanahitaji uchaguzi mkali. Kwa sonona isiyo kali sana, tiba kadhaa zimepimwa na tofauti kati yake ni ndogo. Ipo tiba ya mawazo na mienendo aliyoianzisha Aaron Beck mjini Philadelphia miaka ya sitini, ambapo mgonjwa hufunzwa kuyakamata mawazo kama "mimi sifai kitu" na kuyapima kama hakimu anavyopima ushahidi. Ipo tiba ya mahusiano niliyoitaja. Ipo pia tiba ya kurejesha shughuli, ambayo ni nyepesi zaidi: mgonjwa na mhudumu hupanga siku kwa siku mambo madogo yenye maana kwake, naye huyafanya hata kama hana hamu, kwa sababu kwa mwenye sonona hamu huja baada ya tendo, haitangulii. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2016, uliohusisha watu 440, ulionyesha kwamba tiba hii ikitolewa na wahudumu wa ngazi ya chini haikuwa duni kuliko ile ya Beck ikitolewa na wataalamu, na gharama yake ilikuwa ndogo. Basi ukiwa na sonona, chukua ile iliyo karibu nawe inayotolewa na mtu aliyefunzwa vyema. Ukiona huzuni yako ilianzia kwenye kifo au ugomvi, ya mahusiano itakukaa vizuri. Ukiona umejifungia ndani na kuacha kila kitu, anza na shughuli.

Mambo hubadilika tukija kwenye hofu na kiwewe. Hapo ukichagua vibaya unapoteza mwaka, kama mwalimu wangu.

Alichokuwa nacho mwalimu ni hofu ya ghafla. Mwaka wa 1986 David Clark wa Oxford alieleza jinsi inavyojizungusha. Moyo unapiga kasi kidogo, labda kwa joto la gari au chai kali. Mtu anadhani huo ni mshtuko wa moyo. Wazo hilo linamtia hofu, hofu inaongeza mapigo ya moyo, na ongezeko hilo linampa "uthibitisho" kwamba anakufa. Kisha anashuka kwenye gari, hali inatulia, na akili inajifunza somo la uongo: nimepona kwa sababu nimeshuka. Kila anaposhuka, somo hilo linakolea. Unaona basi kwa nini kuzungumza juu ya baba aliyetoroka, hata kama ni jambo la kweli na la kuumiza, hakuwezi kulifuta. Somo lililofunzwa ndani ya matatu hufutwa ndani ya matatu.

Mwanasaikolojia niliyempeleka kwake mara ya pili alianza kwa kumfanya apumue kwa kasi kwa dakika moja akiwa ameketi ofisini. Ganzi ile ile ya vidole ikaja, kizunguzungu kile kile kikaja, na mwalimu akaona kwa macho yake kwamba ni pumzi tu, wala si kifo. Akapandishwa ngazi mbio ili ausikie moyo ukidunda na asife. (Usijaribu haya nyumbani kabla daktari hajahakikisha kwamba moyo na mapafu yako ni salama.) Kisha ikaja kazi ya nyumbani: kupanda matatu saa nne asubuhi, yakiwa matupu, kutoka Umoja hadi Donholm tu, bila kushuka hata hofu ikija. Halafu hadi Makadara. Halafu hadi City Stadium. Mwisho ni safari ya kuingia mjini saa moja asubuhi, kwenye msongamano. Vikao vyote vilikuwa kumi na viwili. Utingo wa njia ile hakujua kwamba anabeba mgonjwa anayetibiwa.

Kwa kiwewe kilichozidi mwezi baada ya ujambazi, ajali au kubakwa, tafuta tiba inayolenga tukio lenyewe, kwa utaratibu, kwa vikao vingi, na kwa mtu aliyefunzwa hilo. Ziko aina kadhaa zenye ithibati. Mojawapo, tiba ya masimulizi, ilijaribiwa kwa wakimbizi nchini Uganda: mgonjwa husimulia maisha yake yote kwa mpangilio tangu kuzaliwa, akipita polepole katika lile baya na kulitia mahali pake, huku yakiandikwa. Tofauti na kile kikao kimoja cha haraka nilichokieleza ni kubwa. Hapa mgonjwa hupewa muda hadi hofu yenyewe ipungue, wala hafunguliwi kidonda na kurudishwa nyumbani. Watoto nao wasisahauliwe. Uchunguzi uliofanywa Bungoma na Moshi, ukachapishwa mwaka wa 2020, ulihusisha watoto 640 waliofiwa na wazazi, na wahudumu walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa.

Kuna maradhi mengine ambayo watu wa Pwani waliyapa jina zamani. Husema fulani "ana wasiwasi", wasiwe na maana ya hofu tu, bali yule anayerudia udhu mara kumi kwa sababu haamini kwamba maji yamefika, au anayerudi nyumbani mara tano kuukagua mlango. Kumhakikishia mtu huyu kwamba mlango umefungwa ni kama kumpa mlevi bilauri nyingine. Tiba yake ni kumfunza kugusa anachokiogopa, kisha asiinawe mikono, asirudi mlangoni, avumilie hadi dukuduku lipungue lenyewe. Mshauri asiyejua tiba hii atakuwa akimhakikishia kila wiki, kwa nia njema kabisa, na kumzidishia.

Sasa umefika mbele ya mshauri. Usione haya kuuliza. Anayeuliza bei ya nyanya sokoni anaweza kuuliza na hapa. Muulize anafikiri unaugua nini. Akisema "ni mambo tu ya maisha" na wewe hujalala kwa miezi miwili, shuku. Muulize atatumia tiba gani, na kama tiba hiyo imepimwa kwa maradhi kama yako. Jibu "mimi nachanganya kila kitu kulingana na mtu" lina ukweli kidogo ndani yake, lakini mara nyingi ni jibu la asiyefunzwa tiba yoyote hadi mwisho. Muulize vikao vitakuwa vingapi takribani. Nyingi ya tiba nilizozitaja huwa kati ya vikao vitano na kumi na sita. Na swali ninaloliona kuwa muhimu kuliko yote: tutajuaje kwamba nimepata nafuu?

Kwa sonona kuna orodha ya maswali tisa ambayo madaktari humu nchini huitumia, alama zake zikianzia 0 hadi 27. Hujazwa kwa dakika tano. Jaza siku ya kwanza, jaza tena kila baada ya wiki mbili. Ukiwa na hofu, hesabu ni mara ngapi imekujia kwa wiki, na ni mahali pangapi unapopakwepa. Ikiwa baada ya vikao sita hivi alama hazijasonga, mwambie mshauri. Aliye mzuri atashukuru, atabadilisha mbinu au atakutuma kwingine. Akikwambia kwamba hujapona kwa sababu humwamini, au imani yako ni haba, chukua mkoba wako.

Muulize pia kuhusu leseni. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 iliunda bodi ya kuwasajili watu wa kazi hii, na si kosa kuomba kuiona karatasi. Leseni haithibitishi kwamba mtu anaijua tiba unayoihitaji, ila inakupa pa kulalamika ukitendewa mabaya. Mshauri anayekwambia umwache mumeo, anayekueleza shida zake mwenyewe nusu saa nzima, au anayetaka mkutane hotelini, hana lolote la kukutibu awe na leseni au asiwe nayo.

Najua kuna watakaonikosoa. Watasema uhusiano mwema kati ya mshauri na mgonjwa ndio dawa yenyewe, na mengine ni mapambo. Ni kweli kwamba uhusiano una uzito, tafiti nyingi zimeonyesha hivyo, na mtu usiyemwamini hatakutibu hata awe na vyeti vya kujaza ukuta. Lakini mwalimu wangu alikuwa na uhusiano mwema kwa miezi kumi na mmoja. Wengine watauliza kuhusu wachungaji, maimamu na wazee wa ukoo. Sina ugomvi nao hata kidogo. Wanafariji, wanapatanisha, wanakuja hospitalini usiku ambapo mimi nimelala. Nawaomba tu wasimwambie mtu aache dawa, nami sitamwambia mtu aache sala.

Gharama ni suala zito. Wataalamu waliosomea tiba hizi ni wachache, wengi wako Nairobi na miji mikubwa, na kikao kimoja kinaweza kumeza mshahara wa siku kadhaa wa mfanyakazi wa kawaida. Ndiyo maana nimesisitiza mifano ya Uganda, Harare na mitaa yetu. Inaonyesha kwamba mhudumu wa afya anayefuata mpango uliopimwa, akisimamiwa vyema, anaweza kutibu wengi. Uliza katika kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe ikiwa kuna mhudumu aliyepata mafunzo hayo. Kama hakuna, muulize mwakilishi wako wa wadi kwa nini, maana huduma za afya za mashinani ni kazi ya kaunti.

Mwisho, yapo mambo ambayo mazungumzo pekee hayayawezi. Anayesikia sauti zisizokuwepo, au anayekesha siku tatu akinunua vitu kwa pesa asizo nazo na kujiona mfalme, anahitaji dawa na daktari wa magonjwa ya akili kwanza. Sonona kali hutibiwa vyema zaidi kwa dawa na mazungumzo pamoja. Tezi la shingo likiwa na kasoro, au damu ikiwa pungufu, unaweza kuonekana mwenye huzuni na kumbe tatizo liko mwilini, kwa hivyo pimwa kabla ya kuanza kulipia vikao. Na anayewaza kujiua asisubiri miadi ya wiki ijayo. Mpeleke hospitalini leo, usimwache peke yake, na uondoe nyumbani dawa za wadudu. Zamani familia ziliogopa kusema ukweli hospitalini kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho cha 226 cha sheria ya jinai kinakiuka Katiba. Sema ukweli.

Na ukija kwangu au kwa mwenzangu wiki hii, kisha ukapewa karatasi iliyoandikwa "ushauri nasaha" peke yake, irudishe mezani kabla hujatoka. Mwombe daktari aandike jina la maradhi, aina ya tiba anayotaka upewe, na tarehe ya kurudi kwake ili muangalie alama pamoja.